Andrea, Iskanda, Nikandra: mwanamume aliyemo ndani ya majina

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naitwa Andrea, ni mwanamume, kwetu Morogoro, ila kwa sasa nipo Ujerumani kimasomo. Huku barua za ofisini zinanijia zimeandikwa "Frau", yaani Bibi, na wenzangu chuoni wanasema jina langu ni la kike. Lakini mzee mmoja wa kanisani kwetu aliwahi kuniambia kwamba Andrea maana yake ni uanaume wenyewe. Nani mkweli? La pili, mke wangu aliyeko nyumbani ni mjamzito, tunatarajia binti, na tumelipenda jina Alexandra. Mama mkwe amesikia kwamba nalo lina "mwanamume" ndani yake, anasema halimfai mtoto wa kike. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Marahaba, Andrea. Mzee wa kanisani kwenu amesema kweli kuhusu maana ya jina lako, na wenzako chuoni wamesema kweli kuhusu desturi ya huko kwao. Mama mkwe naye tumheshimu, kwa sababu alichosikia ni sahihi: mwanamume yumo ndani ya Alexandra. Ila Wagiriki, wenye neno lao, walilitia katika majina ya mabinti tangu zamani sana, na ushahidi wake upo.

Tuanze na neno lenyewe. Kigiriki cha kale kina maneno matatu ambayo mtu mwenye haraka angeyatafsiri yote kuwa "mtu" au "mwanamume". Anthropos ni binadamu, awe wa kike au wa kiume. Arsen ni wa kiume kwa maana ya jinsia tu, na hutumika hata kwa wanyama. La tatu ndilo lako: aner, mwanamume mtu mzima, na neno hilohilo ndilo mke analomwita mwenzake wa ndoa, sawasawa na "mume" kwetu.

Utaniuliza, kutoka aner mpaka Andrea hiyo d imetoka wapi? Neno hili likibadilika umbo ndani ya sentensi huwa andros, "wa mwanamume". Zamani irabu ya katikati ilidondoka, n ikabaki imegusana na r, na ulimi wa mwanadamu hauupendi mgusano huo. Wewe mwenyewe unalijua jambo hili bila kufundishwa. Husemi "nyumba nrefu", unasema nyumba ndefu. Husemi "nlimi", unasema ndimi. Kwetu d huchukua nafasi ya r au l. Kwa Wagiriki d ilijipenyeza katikati na r ikabaki. Kwa hiyo popote unapoona andr ndani ya jina la Kigiriki, ujue mwanamume yumo: Androniko, Andromeda, Menandros, Alexandros. Hata Nikanori, yule wa Matendo 6:5 aliyechaguliwa pamoja na Stefano kuwahudumia wajane, anabeba neno hilohilo katika umbo lake la bila d.

Sasa tufike kwenye "uanaume wenyewe" aliousema mzee. Kutokana na aner Wagiriki waliunda andreia. Ukilichukua kwa mizizi yake ni uanaume, lakini siku zote walilitumia kwa maana ya ushujaa. Halihusu ndevu wala misuli, na halihusu yale mambo ambayo neno "uume" limeishia kuyabeba katika Kiswahili cha leo. Linahusu namna mtu anavyosimama hatari inapomjia. Mwanafalsafa Plato alilihesabu kati ya fadhila nne kuu, pamoja na hekima, kiasi na haki, na akaandika majadiliano mazima, yaitwayo Laches, juu ya swali hili moja: andreia ni nini?

Ndani yake jemadari Laches anajibu kwa haraka ya kiaskari kwamba shujaa ni yule anayebaki kwenye mstari wake bila kukimbia. Sokrates, mwalimu wa Plato, anamkumbusha kwamba Waskithi, wapanda farasi wa nyika za kaskazini, hupigana huku wakirudi nyuma na bado ni hodari. Kisha anaupanua uwanja: anataka kujua pia ushujaa wa walioko hatarini baharini, wa wagonjwa, wa maskini, wa wanaopambana na maumivu na hata na tamaa zao wenyewe. Mazungumzo yanafika mwisho bila jibu kupatikana. Mimi huwapa wanafunzi wangu kitabu hicho mapema, kwa sababu kinawaonyesha jinsi neno lililozaliwa kwenye jinsia lilivyoanza kulegezwa kamba na watu waliolitumia kwa dhati. Ukikaa na Sokrates hapo kwenye ugonjwa na umaskini, sioni utakavyomzuia mwanamke asiingie.

Si kwamba wote walikubali. Aristotle alishika kwamba ushujaa wa mwanamume ni wa kutawala na wa mwanamke ni wa kutii, na fikra hiyo ilidumu karne nyingi. Lakini angalia Wayahudi wa Iskanderia walipokuwa wanatafsiri maandiko yao ya Kiebrania kuja Kigiriki. Walifika Mithali 31:10, aya ambayo katika Biblia yetu ya Union inasomeka "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Kwa huyo mke mwema walichagua kuandika gunaika andreian. Umeisikia hiyo andreian? Ni neno la jina lako, katika umbo la kike, likimsifu mwanamke anayeamka usiku, anayenunua shamba, anayepanda mzabibu kwa jasho lake. Walifanya hivyohivyo Mithali 12:4, "Mwanamke mwema ni taji ya mumewe": mwanamke hapo ni andreia na mumewe ni aner, maneno ya ukoo mmoja yamekaa aya moja kama mke na mume. Ningefurahi mama mkwe asomewe aya hizo mbili kabla hamjazungumza tena habari ya jina.

Na ufungue pia 1 Wakorintho 16:13: "Kesheni, simameni imara katika Imani, fanyeni kiume, mkawe hodari." Hapo Paulo ameandika andrizesthe, kitenzi kilichotokana na aner, na "fanyeni kiume" ya Union imekikamata vizuri sana. Barua ile ilikwenda kwa kanisa zima la Korintho, kina mama wakiwemo, na wote waliambiwa wafanye kiume. Nasi Kiswahili tunakwenda njia hiyo: dada anapofiwa huambiwa "jikaze kiume", na hakuna anayedhani ameambiwa abadilike jinsia. Unaweza kuona kasoro katika kuupa ushujaa jina la jinsia moja, nami naiona. Hata hivyo ndivyo lugha nyingi zilivyofanya. Kilatini kilitoka kwa vir, mwanamume, kikapata virtus, fadhila. Waarabu walitoka kwa mar', mtu wa kiume, wakapata muruwa, uungwana wa mwanamume kamili, nalo likavuka bahari hadi kwetu likawa murua. Leo tunasema mapishi murua, sauti murua, na bibi harusi aliyependeza murua, wala uanaume hauonekani tena.

Tuje kwenye majina. Wagiriki walipenda kuunganisha maneno mawili kuwa jina moja, na maneno yenyewe yalikuwa kama akiba ya ukoo: ushindi, utukufu, farasi, mungu fulani, watu, mwanamume. Alexandros ni alexein, kukinga au kulinda, pamoja na aner: mlinda wanaume. Lusandros, jemadari wa Sparta aliyewavunja Waathene kule Aigospotamoi mwaka 405 kabla ya Kristo, ni mfungua wanaume. Nike, ushindi, ukiitanguliza unapata Nikandros na Nikanori. Ukiipeleka nyuma unapata Androniko, yule ambaye Paulo anamsalimu pamoja na Yunia katika Warumi 16:7. Ni vipande vilevile vimegeuzwa tu. Kwa hiyo nakutahadharisha: usilisome jina la Kigiriki kama sentensi kamili yenye ujumbe. Mara nyingi wazazi walichukua kipande kutoka kwa babu na kingine kutoka kwa mjomba, wakaviunga. Katika Iliadi ya Homer, Alexandros ni jina la pili la Paris, kijana wa Troya aliyemchukua Helena, mke wa watu, akauletea mji wa baba yake vita. Hakuwa mlinzi wa mtu yeyote.

Wanawake wamo tangu mwanzo. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris alifumbua maandishi ya kale kuliko yote ya Kigiriki, yaliyochorwa kwenye vibao vya udongo enzi za majumba ya kifalme ya Mukene na Pylos. Kwenye kibao kimoja cha Mukene, cha karne ya 13 hivi kabla ya Kristo, kuna jina lililoandikwa kwa silabi: a-re-ka-sa-da-ra. Lisome kwa sauti polepole. Ni Alexandra, mwanamke, anatajwa katika orodha ya kawaida ya jumba la mfalme. Alikuwepo karibu miaka elfu moja kabla ya Alexander wa Makedonia kuzaliwa mwaka 356 kabla ya Kristo.

Mwingine ninayempenda zaidi ni Nikandra, kwa lahaja ya kwao Nikandre. Mwanamke huyu wa kisiwa cha Naxos alisimamisha sanamu ya marumaru kule Delos, katikati ya karne ya 7 kabla ya Kristo, akimtolea mungu wa kike Artemi. Ni miongoni mwa sanamu za marumaru za kimo cha mtu zilizo za zamani kabisa kutoka Ugiriki, na ubavuni yamechongwa maneno yanayomtambulisha: binti wa Deinodikes, dada wa Deinomenes, mke wa Phraxos. Wanaume watatu wametajwa ili yeye ajulikane, lakini jina linaloanza ni lake, na ndani ya jina hilo mna ushindi na mna mwanamume. Sanamu yake ipo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya Athene.

Katika hadithi zao pia wamo. Andromakhe, mke wa Hektori, jina lake lina vita na wanaume ndani yake, japokuwa yeye ni mke mpole anayemsihi mumewe asirudi vitani. Deianira, mke wa Herakles, jina lake husomwa "mwangamiza mwanamume", na kweli ndiye aliyempa mumewe vazi lenye sumu akidhani ni dawa ya mapenzi. Hilo la Deianira sikushauri umpe binti yako.

Sasa jina lako wewe. Andreas lilianza kama ufupisho wa hayo majina marefu yenye Andr-, kama kwetu Ramadhani anavyoishia kuwa Rama. Lilikuwepo kabla ya Ukristo: mwaka 217 kabla ya Kristo, kabla ya vita vya Rafia, muuaji aliyeingia kambini kumtafuta mfalme Ptolemaio wa nne wa Misri alimkosa, akamuua daktari wake aliyeitwa Andreas. Kwa hiyo mvuvi wa Bethsaida, yule mtume Andrea, alipozaliwa, jina lilikuwa limeshazagaa nchi zote zilizoguswa na Wagiriki, hata kwa Wayahudi wa Galilaya. Nduguye alikuwa na jina la Kiebrania, Simoni. Yeye akapewa la Kigiriki. Na ukisoma Yohana 12, Wayunani, yaani Wagiriki, wanapotaka kumwona Yesu wanamwendea kwanza Filipo, Filipo anamwendea Andrea, kisha wote wawili wanamwambia Yesu. Filipo nalo ni Kigiriki, mpenda farasi. Mimi sioni ajabu kwamba wageni wale walikimbilia kwa wenye majina waliyoyazoea.

Ile s ya mwisho ilibaki njiani. Loukas kwetu ni Luka, Petros ni Petro, na Andreas ni Andrea, kwa kuwa neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Waitalia nao waliiacha, na kwao Andrea ni mwanamume kabisa. Mpenzi yeyote wa soka anamjua Andrea Pirlo. Uzito wa desturi hiyo ulikuwa mkubwa mno, hata wazazi waliotaka kumwita binti yao Andrea walipingwa, na shauri likafika mahakama ya juu kabisa ya rufani, ambayo iliwaruhusu mwaka 2012. Huko uliko mambo yalikwenda kinyume. Wajerumani waliishika s ikawa alama ya mwanamume, Andreas, na Andrea isiyo na s wakampa mwanamke, kwa sababu Kilatini kilizoesha Ulaya kuisikia a ya mwisho kama ya kike. Wahispania vivyo hivyo: Andrés ni kaka, Andrea ni dada. Tofauti iko kwenye mkia wa neno, na mkia huo kila nchi imeufunga kivyake. Kwetu a ya mwisho haina jinsia. Juma ana a, Musa ana a, Baraka ana a.

Na usijione uko peke yako katika ukoo wa majina ya namna hii. Lile neno arsen nililolitaja mwanzo limezaa Arsenios, ambalo Wafaransa wamelifanya Arsène, la kocha Arsène Wenger. Karoli ni Kijerumani cha kale, karl, mwanamume, mtu huru, na kutoka kwake kuna Karolina na Charlotte wasiohesabika. Uganda ina Karoli Lwanga, na ina Andrea Kaggwa pia, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake tarehe 26 Mei 1886, siku chache kabla ya Lwanga. Hapo majina mawili yenye maana moja, moja la Ugiriki na jingine la Ujerumani, yamekutana Buganda kwa vijana waliokufa bila kuikana imani yao. Rwanda na Burundi mtu huitwa Mugabo, mwanamume, moja kwa moja. Kwa Wasukuma ni ngosha, na marehemu mzee Francis Maige Kanyasu, aliyehusishwa na uchoraji wa nembo ya Taifa letu, alijulikana nchi nzima kama Ngosha hadi anafariki mwaka 2017.

Jina Alexander lina njia yake nyingine ya kufika kwetu. Waarabu walipolisikia walidhani "al" ya mwanzo ni ile al yao, kama katika al-kitabu, wakaiondoa wakabaki na Iskandar. Ndani yake ks ikageuka sk. Ndiyo maana mji wa Alexandria kwao ni Iskandariya, na India mtu huitwa Sikandar. Watafsiri wa Union walilikuta umbo hilo likiishi pwani, wakalichukua. Fungua Marko 15:21 utamwona Simoni Mkirene, "baba yao Iskanda na Rufo", na 2 Timotheo 4:14 utamwona Iskanda mfua shaba. Kwa hiyo jina mnalolitaka si geni katika Biblia ya mama mkwe. Limevaa kanzu tu.

Sasa ushauri wangu. Usibadili jina lako. Hilo ulilobatizwa na kuandikwa kwenye pasipoti ni umbo halali la Kiswahili, na ukiongeza s leo utatafuta viapo na barua za uthibitisho kwa kila cheti ulichonacho tangu darasa la saba. Unachohitaji ni neno moja mbele yake. Kwenye fomu yoyote ya huko tanguliza Herr, yaani Bwana, na kwenye barua pepe weka saini ya "Herr Andrea" ikifuatiwa na jina la ukoo. Ofisi ambayo imeshakosea iandikie mara moja, kwa upole, kwamba katika nchi yako Andrea ni jina la kiume kama lilivyo Italia. Mfano wa Italia wataupokea haraka, kwa kuwa wanaufahamu.

Kuhusu binti, mpeni Alexandra kwa moyo mkunjufu. Kama mama mkwe bado ana shaka baada ya Mithali 31, mwambieni ana haki ya kumwita Sandra nyumbani. Ila mjue kifupi hicho kimekata ulinzi tu, mwanamume amebaki mzima. Mnalotakiwa kuamua kabla hajazaliwa ni tahajia: Alexandra yenye x au Aleksandra yenye ks. Zote zinasomeka, ila chagueni moja, na mkeo aiandike herufi kwa herufi kwenye karatasi atakayokwenda nayo hospitali, ili tangazo la kizazi, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na cheti cha ubatizo vyote vitoke na jina lilelile.